Kwa Nini Pua Ijengwe kwa Gegedu la Sikio

Mtu akielezwa na daktari kwamba pua yake itajengwa upya kwa kipande kitakachotolewa sikioni, jambo la kwanza analolifanya ni kujishika sikio. Nililiona hilo kwa jirani yangu wa Uyole, dereva wa bodaboda aliyeanguka kwenye mteremko wa Mlima Nyoka na kupasuka pua, na nikaliona tena kwa mama mmoja wa Makete aliyemsindikiza mwanawe kliniki. Mkono hufika sikioni kabla swali halijafika mdomoni, na swali lenyewe huwa ni lile lile: sasa sikio nalo litabaki vipi? Ni swali la haki na nitalijibu, ila limetanguliwa na jingine ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo lenye uzito zaidi. Kwa nini pua iliyoharibika isishonwe tu, au isifunikwe ngozi nzuri, mpaka itafutiwe kitu sikioni?

Jirani yangu alishonwa usiku ule ule wa ajali. Kazi ilikuwa safi, nyuzi zilitolewa wiki iliyofuata, na kwa muda kila aliyemwona alimpa pole na hongera kwa pamoja. Kisha, taratibu, tundu la kushoto likaanza kusinyaa. Bawa la pua, yaani ile nyama ya pembeni inayotanuka mtu anapohema kwa hasira, lilivutika juu na kuingia ndani, na kufikia mwezi wa sita alikuwa akilala kinywa wazi na kuamka koo limekauka kama aliyelala jikoni penye moshi. Alipolalamika, watu walimwambia kidonda kimepona, ashukuru. Kidonda kilikuwa kimepona kweli. Kilichokosekana kilikuwa chini ya ngozi.

Pua ina tabaka tatu. Nje kuna ngozi. Ndani kabisa kuna utando laini wenye unyevu unaolainisha na kupasha joto hewa. Katikati ya hizo mbili kuna kiunzi. Ukipitisha kidole kuanzia katikati ya macho kushuka chini, sehemu ya juu, kiasi cha theluthi moja, ni mfupa mgumu. Kuanzia hapo hadi nchani mfupa hautaupata tena, na kinachoishikilia pua ni gegedu, kile kitu cheupe kinachonyumbulika ambacho mla supu ya kichwa cha mbuzi hukitafuna kikalia mdomoni. Kuna ukuta wa kati unaogawa pua pande mbili, kuna vipande viwili vya juu vinavyoezeka pande hizo kama paa, na kuna vingine viwili vya chini vilivyopinda kuzunguka matundu na kuipa ncha umbo lake.

Lugha yetu huyaita matundu ya pua mianzi, na sidhani kama waliotuachia neno hilo walifanya hivyo kwa bahati. Huku Iringa na Njombe, ambako ulanzi hugemwa, hakuna haja ya kumfafanulia mtu kwamba mwanzi hubaki wazi kwa sababu ukuta wake ni mgumu. Mpe mtu mrija wa kitambaa kilicholowa badala ya mwanzi, umwambie avute: atakapovuta tu, kuta zitanasana. Kuvuta pumzi ni jambo lile lile. Kila tunapovuta hewa, msukumo wa hewa ndani ya pua hupungua kuliko ulivyo nje, na kuta za pua hutaka kuanguka ndani. Gegedu ndilo linalozizuia. Likikosekana, au likiwa dhaifu, tundu hujifunga lenyewe pale pale mtu anapolihitaji liwe wazi, na kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyozidi kujifunga.

Kuna na jambo la hesabu linaloeleza kwa nini wembamba mdogo huleta taabu kubwa. Katika karne ya 19 tabibu wa Ufaransa aliyeitwa Poiseuille alionyesha kwamba, kwa mtiririko ulio tulivu ndani ya mrija, mrija ukipungua hadi nusu ya upana wake ugumu wa kupitisha kitu ndani yake huongezeka mara 16. Pua si mrija mnyoofu, na hewa inayopita humo huzungukazunguka, kwa hiyo hesabu hiyo haikai sawasawa kwa pua ya mtu. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na ndio unaoeleza kwa nini mtu aliyepoteza milimita chache za upana katika sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, pale ukuta wa kati unapokutana na gegedu la pembeni la juu, hujiona kama amezibwa pua nzima.

Sasa turudi kwa ngozi. Kovu, kila kovu, huvuta. Katika wiki na miezi ya kwanza, chembe hai zinazojenga kovu hujikunyata na kuvuta kingo za kidonda zikaribiane. Mkononi au mgongoni hilo ni msaada, kwa maana kidonda kikubwa hugeuka kidogo. Kwenye ukingo wa tundu la pua ni balaa, kwa sababu ukingo huo hauna mahali popote pa kujishikiza, nao hufuata unakovutwa. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo hata wanafunzi wa utabibu huwashangaza. Bawa la pua, katika hali yake ya kuzaliwa, halina gegedu ukingoni: lina ngozi, mafuta na nyuzi ngumu tu. Lakini daktari anapolijenga upya, hulazimika kuweka gegedu pale ambapo halikuwapo, kwa sababu bawa la asili halikuwa na kovu la kupigana nalo na bawa jipya linalo. Anayeijenga pua kwa kuiga tu kilichokuwapo atapata pua nzuri ya mwezi mmoja.

Kwa nini basi gegedu likubali kuhamishwa, ilhali nyama nyingine ukiikata na kuipeleka kwingine huoza? Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe anaweza kulielewa hili kwa haraka kuliko wengi, kwa kuwa anajua kubebesha miche. Kikonyo kinachopachikwa juu ya shina lazima kiunganishe njia zake za maji na zile za shina kabla hakijanyauka. Ndiyo sababu hufungwa kwa nailoni na kuwekwa kivulini. Ngozi na nyama hufuata sheria hiyo hiyo: zisipopata mishipa ya damu ndani ya siku chache, hufa. Gegedu limejitoa katika sheria hiyo. Halina mishipa ya damu ndani yake, wala neva. Chembe hai zake ni chache, zimetulia ndani ya vijumba vidogo vilivyozungukwa na kitu kigumu walichokijenga wenyewe, na chakula chao huwafikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye utando mwembamba ulioufunika uso wa gegedu na kutoka kwenye majimaji ya nyama jirani. Kiumbe aliyezoea kula kidogo hahangaiki sana anapohamishiwa nyumba nyingine, mradi nyumba hiyo iwe na unyevu, iwe na damu pembeni yake na isiwe na usaha. Na kwa kuwa gegedu ni la mgonjwa mwenyewe, mwili wake haulikatai kama unavyoweza kukataa kiungo cha mtu mwingine.

Yapo maghala matatu ya gegedu ambayo daktari huyafikiria. La kwanza ni ukuta wa kati wa pua yenyewe. Gegedu lake ni bapa, limenyooka na ni imara, na linapatikana pale pale panapofanyiwa kazi, kwa hiyo likiwapo na likiwa zima ndilo huchukuliwa mwanzo kwa kazi nyingi. Lakini haliwezi kuchukuliwa lote: lazima ibaki fremu ya kiasi cha sentimita 1 upande wa juu na upande wa mbele, la sivyo pua yenyewe itadidimia. Na katika pua zinazofika kwa daktari huku kwetu, ukuta huo mara nyingi ndio wa kwanza kuharibika, ama umevunjwa vipande na ajali, ama umeliwa na jipu, ama umeondolewa pamoja na saratani.

La pili ni ubavu, mahali ambapo mbavu zinaishia kwa gegedu karibu na kifua cha kati. Hapo gegedu ni tele na lina nguvu, na kwa pua iliyobonyea kabisa katikati kama tandiko hakuna linaloushinda ubavu. Gharama yake ni maumivu ya kifua kila mgonjwa anapokohoa, hatari ndogo ya kutoboa utando wa mapafu, na tabia yake ya kupinda baada ya kuchongwa. Mwaka 1958 Gibson na Davis walieleza kwamba gegedu la ubavu lina mvutano ndani yake, wa nje ukivuta upande mmoja na wa katikati ukisukuma, na kwamba ukilichonga bila kusawazisha pande zote litajikunja. Mafundi wa Mafinga wanaofanya kazi na mbao za paina kutoka Sao Hill hawahitaji kusoma hayo. Ubao mbichi uliopasuliwa upande mmoja hupinda mbele ya macho yao. Kwa watu wazima waliokwisha kupita umri wa kati, gegedu la ubavu huanza pia kugeuka mfupa, likawa gumu kuchonga.

La tatu ni sikio, na sifa yake kuu ni ile ile iliyo kasoro yake: limepinda. Gegedu la sikio ni la aina nyingine, lenye nyuzi nyingi za mnyumbuko, na ndiyo maana ukilikunja sikio lako hadi likutane na shavu kisha ukaliachia, hurudi mahali pake bila alama. Gegedu la ukuta wa pua likikunjwa hivyo huvunjika. Kwa kazi inayotaka nguzo iliyonyooka, kama kuinua mwamba wa pua uliobonyea sana, sikio si chaguo la kwanza. Linaweza kukunjwa mara mbili na kushonwa mgongo kwa mgongo ili lipate nguvu, lakini hilo ni kutumia kilichopo. Kwa kazi inayotaka upinde, kama bawa la pua, ukingo wa tundu au ncha, hakuna linalofanana nalo. Daktari hahitaji kulilazimisha lipinde, kwa kuwa limekuja limepinda tayari, na mara nyingi kwa kiwango kile kile ambacho bawa la pua linakihitaji.

Hapo ndipo ninapoweza kulijibu swali la yule mama wa Makete. Hakuna anayelikata sikio. Kinachochukuliwa ni sehemu ya lile bakuli lililo katikati, kuzunguka tundu la kusikilizia, ambako gegedu ni pana na halibebi umbo la nje la sikio. Umbo la nje linabebwa na ukingo wa juu pamoja na ule mkunjo ulio ndani yake, na vyote viwili huachwa bila kuguswa. Ndewe nayo haiguswi, na hata ingeguswa isingesaidia, kwa maana haina gegedu hata kidogo: ni ngozi na mafuta. Ndiyo sababu bibi zetu walitoga ndewe na kuendelea na kazi zao, wakati vijana wa siku hizi wanaotoboa sehemu ya juu ya sikio mara nyingine huishia na sikio lililovimba kama embe. Pale juu sindano hupita kwenye gegedu, na gegedu lisilo na damu likiingiwa na vijidudu halina askari wa kujilinda.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi, ingawa pua inapojengwa kwa wakati mmoja mgonjwa mara nyingi hulazwa kwa nusukaputi. Dawa ya ganzi, aghalabu lignokeini iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu, huingizwa kati ya ngozi na gegedu, na kimiminika hicho chenyewe husaidia kuibandua ngozi iliyoshikamana sana upande wa mbele wa bakuli. Daktari anaweza kupitia mbele, akificha mkato kwenye ukingo wa bakuli, au nyuma, mahali sikio linapokutana na kichwa. Kutoka nyuma, mkato wa sentimita chache hufunguliwa, gegedu huonekana jeupe lenye mng'ao wa samawati kama maziwa yaliyotiwa maji, na kipande chenye urefu wa kiasi cha sentimita 2 hadi 3 huinuliwa taratibu, ngozi ya mbele ikibaki nzima. Kikishatoka, hulazwa kwenye shashi iliyolowa maji ya chumvi, na kikiwa hapo kinajikunja chenyewe kama ganda la haragwe lililokauka. Mara nyingi huchaguliwa sikio ambalo mgonjwa halilalii, na ni vizuri mgonjwa alijue hilo mapema, maana si watu wengi wanaojua wanalalia ubavu upi mpaka waulizwe.

Usikivu haubadiliki, kwa sababu ngoma ya sikio iko ndani sana na kazi hii inafanyika nje ya tundu. Kinachoweza kubadilika ni kwamba sikio hukaa karibu kidogo zaidi na kichwa, tofauti ambayo mwenyewe huiona kwenye kioo na wengine hawaioni. Ganzi ya ngozi huweza kudumu kwa wiki au miezi kadhaa.

Hatari ambayo haifai kufanyiwa mzaha ni damu kuvilia. Pale gegedu lilipotoka pamebaki nafasi kati ya ngozi ya mbele na ya nyuma, na nafasi hiyo ikijaa damu, damu hiyo hugeuka kovu nene na sikio hukunjamana. Ni sikio lile lile la mabondia na wacheza mieleka, ambalo kila mpenzi wa ngumi amewahi kuliona. Ili kuzuia hilo, daktari huweka kifungu cha shashi ndani ya bakuli na kingine nyuma, kisha hupitisha uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuvibana pamoja kwa siku kadhaa. Kifungu hicho kinaudhi, na wapo wanaokitoa wenyewe siku ya pili kwa kuona kimekaa vibaya. Wasikitoe. Na maumivu ya sikio yakizidi badala ya kupungua baada ya siku mbili za kwanza, sikio hilo linahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, hata kama ni kupanda basi kutoka Tukuyu alfajiri.

Hatari ya pili inatuhusu sisi Waafrika kuliko wengi wa wale walioandikiwa vitabu vya upasuaji: kovu linaloota, lile linalozidi mipaka ya kidonda na kuvimba kama donge. Ngozi yenye rangi nyingi ina mwelekeo zaidi wa kufanya hivyo, na sikio ni mojawapo ya mahali panapopendwa na kovu la namna hiyo. Mtu aliyewahi kuota donge baada ya kutoga ndewe, au ambaye mama yake au dada yake aliota, anapaswa kulitaja hilo kabla ya kitu kingine chochote. Huenda daktari akabadili ghala, au akapanga mapema sindano za kupunguza kovu. Mgonjwa akinyamaza, atatoka na pua nzuri na donge nyuma ya sikio.

Kipande kikishapatikana, kazi huhamia puani, na hapo mkono wa daktari ni mkono wa seremala. Kwa bawa la pua lililoanguka kama la jirani yangu, kovu la zamani hufunguliwa kwanza, ukingo hurudishwa chini unapostahili kuwa, kisha kijiti cha gegedu chenye upana wa milimita kadhaa hupenyezwa kwenye mfuko mwembamba kando ya ukingo, ncha yake moja ikiegemea karibu na mfupa wa taya la juu ili kiwe na mahali pa kujitegemeza. Mfuko ukiwa mpana mno kipande huelea na kuhama. Ukiwa mdogo mno hukunjamana. Kwa pua iliyozibika juu zaidi, pale kwenye sehemu nyembamba, kuna mbinu ninayoipenda kwa ujanja wake: gegedu la bakuli hukatwa kwa umbo la kipepeo na kuwekwa juu ya mwamba wa pua, mabawa yake yakiwa yameshonwa kwenye magegedu ya pembeni. Kwa kuwa lina asili ya kupinda na kurudi, hufanya kazi kama springi, likiyavuta magegedu hayo kwenda nje mchana na usiku. Ni kazi ile ile inayofanywa na vibandiko vya pua vya wanamichezo, ila hiki hakibanduki.

Kuna namna nyingine ya kulitumia sikio, inayotisha zaidi na inayopendeza zaidi ikifaulu. Ukingo wa bawa la pua ukiwa umekatika kabisa, labda kwa kung'atwa na mtu ugomvini au na mbwa, daktari anaweza kukata kipande kimoja chenye ngozi ya mbele, gegedu katikati na ngozi ya nyuma, kutoka pale ukingo wa sikio unapoanzia, na kukishona moja kwa moja kwenye pengo. König wa Ujerumani alieleza njia hii mwaka 1902. Hapa tumerudi kwa mkulima na kikonyo chake, kwa sababu ngozi haina subira ya gegedu. Siku mbili za kwanza kipande huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda. Kisha vishipa vyake huanza kukutana na vya pua, na ikiwa kipande kina upana usiozidi sana sentimita 1 au 1 na nusu, damu huwahi kufika katikati kabla hapajaoza. Vitabu husema kipande huwa cheupe, kisha samawati, kisha waridi. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu, tabaka la juu huweza kuwa jeusi kabisa na kubanduka, na ndugu wakaanza kulia wakidhani kimekufa, kumbe chini yake kuna ngozi mpya inayokuja. Anayevuta sigara huipunguza sana nafasi ya kipande hicho, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo inayotafuta njia.

Pengo likiwa kubwa zaidi, sikio peke yake halitoshi. Ngozi ya kutosha inapatikana kwenye paji la uso, na mbinu ya kuishusha ni ya kale mno: maandiko ya tiba ya India yanayohusishwa na Sushruta yanaeleza ujenzi wa pua kwa ngozi ya jirani, na mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za Mhindi, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua vitani na kujengewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso. Siku hizi kipande hicho hubaki kimeunganishwa na mshipa wake wa damu karibu na nyusi kwa muda wa wiki 3 hivi, kikining'inia usoni kama mkonga mdogo, mpaka pua iweze kukilisha yenyewe ndipo shina lake likatwe. Mgonjwa lazima aelezwe hilo kwa picha kabla, na ndugu zake pia. Wataalamu wa kale walipata pua zilizofunikwa vizuri lakini zilizosinyaa baadaye, kwa sababu ngozi iliwekwa bila kiunzi chini yake wala utando ndani yake. Gegedu la sikio ndilo mara nyingi hujaza sehemu hiyo ya kiunzi leo, likiwekwa chini ya ngozi ya paji kabla haijaanza kuvutika.

Mwaka 1985 Burget na Menick waliigawa pua katika sehemu 9 zenye mipaka ya mwanga na kivuli: ncha, mgongo, nguzo ya kati, mabawa mawili, kuta mbili za pembeni, na pembe mbili laini. Walishauri kwamba sehemu ikiwa imepotea zaidi ya nusu yake, kilichobaki nacho kiondolewe na sehemu nzima ijengwe upya, ili kovu likae mpakani ambako jicho limezoea kuona mstari. Waswahili walisema kata pua uunge wajihi, wakimcheka anayefanya jambo la kipuuzi. Madaktari hawa walilifanya neno kwa neno, na uso ukaungika.

Kwa wilaya zetu za nyanda za juu, wagonjwa wa upasuaji huu si wa ajali pekee. Watu wenye ualbino hupata saratani za ngozi mapema, na pua, inayotokeza kuliko sehemu nyingine ya uso, huwa miongoni mwa za kwanza kuchomwa. Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Baridi ya mwezi wa Juni huwadanganya wengi kwamba jua halichomi. Kwa mgonjwa wa saratani, ujenzi husubiri. Kwanza majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa yathibitishe kwamba kingo zote ni safi, kwa kuwa kufunika saratani iliyobaki kwa gegedu na ngozi nene ni kuificha ikue mahali pasipoonekana.

Watoto nao wana yao. Mtoto akigongwa pua na mpira au na kichwa cha mwenzake, kisha pua ikazibika pande zote mbili na ndani ukaonekana uvimbe laini wa rangi ya zambarau kwenye ukuta wa kati, damu imevilia kati ya gegedu na utando unaolilisha. Gegedu lililotenganishwa na utando wake huanza kufa ndani ya siku chache, na damu hiyo ikigeuka usaha gegedu huyeyuka haraka zaidi. Mkato mdogo wa kuitoa damu siku hiyo hiyo unaokoa pua ambayo miaka kumi baadaye ingehitaji sikio au ubavu. Mwana wa yule mama wa Makete alikuwa mmoja wa waliochelewa. Alipewa panadoli akaambiwa uvimbe utashuka, nao ulishuka kweli, pamoja na mwamba wa pua.

Anayepewa rufaa kwa ajili ya jambo hili, iwe kwa bingwa wa masikio, pua na koo au wa upasuaji rekebishi, afanye vizuri kubeba picha yake ya zamani iliyo wazi, hata ile ya kitambulisho, na karatasi ya upasuaji wa kwanza kama ipo. Aulize ghala gani litatumika na kwa nini, na kama kazi itakamilika mara moja au kwa awamu. Jirani yangu alirudi kuendesha pikipiki baada ya wiki sita, akiwa amefunga plasta nyembamba juu ya pua na kofia yenye ukingo mpana chini ya helmeti, jambo lililowachekesha wenzake kijiweni. Pua yake ilibaki imevimba kidogo kwa miezi mingi, kama kawaida, na daktari alikataa kuigusa tena kabla mwaka haujaisha. Kovu lililo nyuma ya sikio lilikuwa la kinyozi wake kuligundua. Aliuliza kama ni alama ya kuzaliwa.